Goti langu halikunjiki: siku niliyokwama juu ya pikipiki yangu mwenyewe, kutoka Kulamawe mpaka Isiolo

Wakuu, salaam aleikum kwa wa kusalimiwa hivyo, na habari zenu wengine wote.

Leo nimeamua kuandika. Hii si story ya kuambiwa na jirani wa shemeji. Imenipata mimi, mwili huu huu, na shahidi ni Halima mke wangu. Ameahidi kusoma kila mstari na kunisahihisha nikiongeza chumvi.

Ni ndefu kidogo. Wale wa kuruka hadi mwisho, mtapata mwisho bila utamu wake, shauri yenu.

Mimi ni mtu wa Isiolo, mtaa wa Wabera. Ukoo wetu ni watu wa usafiri tangu zamani. Babu alikuwa na punda, baba akapata lori, mimi nikaangukia pikipiki. Mnaona wenyewe tulivyopanda na tukashuka.

Kazi yangu ni maziwa ya ngamia. Asubuhi naenda Kulamawe, nakuta akina mama wameshayakusanya kwenye majerikeni, nayafunga nyuma ya pikipiki, nakimbiza mjini kabla jua halijayaharibu. Halima anayauza kwenye kibanda chake hapo mtaani. Ndiyo maisha yetu, na yalikuwa yanatutosha.

(Kuna mtu lazima atauliza maziwa ya ngamia yana ladha gani. Yana chumvi kwa mbali. Na kama tumbo lako halijayazoea, usiyanywe ukiwa safarini. Utanikumbuka.)

Sasa ajali.

Sitaki kuisimulia sana kwa sababu nimeshaichoka. Lori lilirudi nyuma bila kuangalia, mimi nikiwa nimesimama tu nangoja njia. Sikuwa hata naendesha! Mguu wangu wa kulia ukabaki chini ya pikipiki na goti likasagika.

Nikalazwa, nikafanyiwa operesheni, nikawekwa vyuma. Halafu yakaja mazoezi, mimi na dada mmoja wa physio mwenye sura ya upole na mikono ya chuma. Tulisukuma lile goti mpaka nikawa nikimwona mlangoni najisikia kulia. Siku moja akaacha kusukuma, akakaa kando yangu.

Akaniambia, "Kaka, nisikudanganye. Hili goti limenyooka na litabaki hivyo. Litakubeba vizuri sana, lakini kukunja halitakunja."

Mimi nilisikia hilo la kukunja peke yake. La kubeba lilinipita. Lishikeni nyinyi, tutalihitaji mbele.

Nikarudi nyumbani na mguu kama mti wa hema. Nasali juu ya kiti. Soksi navalishwa. Kwenye gari nakaa upande upande, abiria wengine wananung'unika. Haya yote nilizoea. Kilichonishinda ni kukaa kibandani kwa Halima asubuhi, kumwona mtu mwingine analeta maziwa kwa pikipiki yake, amechelewa, na nusu yameshaanza kuharibika. Na mimi niko hapo, namsaidia kushika faneli.

Watu walikuwa wanapita wananiambia pole. Wakuu, pole ni neno zuri, lakini ukilipewa kila siku na mtu yule yule, linaanza kukuudhi.

Nikaenda kwa Kirimi.

Kirimi ni fundi wetu wa pikipiki pale Wabera, mtu wa Meru, tumejuana tangu nikiwa na pikipiki ya kwanza. Ana tabia ya kuongea na pikipiki kuliko anavyoongea na mwenye pikipiki. Nilimkuta amelala chini ya moja anaisuta.

Nikamwambia shida yangu. Kwa wasiojua: breki ya nyuma inakanyagwa na mguu wa kulia, gia zinapigwa na mguu wa kushoto. Alhamdulillahi mguu wa gia ulibaki mzima. Ni breki tu.

Kirimi akazunguka pikipiki, akauzunguka na mguu wangu pia. "Hii mguu haiwezi kukanyaga," akasema. "Lakini mkono si iko? Breki tutapandisha juu."

Na kweli akaipandisha. Alichukua mkono wa klachi wa pikipiki iliyokufa, akaufunga kwenye hendeli ya kushoto, chini kidogo ya klachi yenyewe. Akateremsha kebo mpaka kwenye breki ya nyuma. Pedeli ya chini akaitoa kabisa. Halafu akachomelea kipande cha bomba mbele, kwenye crash guard, kile chuma cha kukinga miguu, niwe naulaza ule mguu hapo ukiwa umenyooka. Ukiniona kwa mbali ungedhani ni bwana mkubwa anaota jua.

Tukajaribu. Mimi nikapanda kwa njia yangu niliyojibunia: nasimama upande wa kushoto, nashika hendeli, halafu nauzungusha ule mguu mgumu juu ya kiti kama geti linalofunguliwa. Ukapita.

Nikazunguka mtaa. Wakuu, sijui niwaelezeje. Upepo ulinipiga usoni na nikaanza kuimba vitu ambavyo sivijui maneno.

Nikarudi, Kirimi akasema, "Ngoja. Bado hatujajaribu na mzigo."

Mnaona? Sisi si wajinga. Tulijaribu na mzigo. Kirimi akaruka nyuma yangu, yeye mwenyewe na tumbo lake, tukaenda. Na ikawa vizuri tulifanya hivyo, kwa sababu pikipiki ilipolala nyuma kwa uzito wake, ile kebo ikavutika na breki ikaanza kujifunga yenyewe. Tukanusa moto. Tukarudi, akahamisha mahali kebo ilipofungwa, akaiweka kwenye ule mkono unaopanda na kushuka pamoja na tairi. Tukajaribu tena, yeye nyuma, mimi mbele, ikawa safi kabisa.

Tukashikana mikono. Tulikuwa tumemaliza kazi, au ndivyo tulivyodhani.

Kosa letu lilikuwa limekaa pale nyuma ya kiti na hakuna aliyeliona. Mzigo wetu wa kujaribia alikuwa Kirimi. Na Kirimi, wakuu, anapanda baada yangu na anashuka kabla yangu, kwa miguu yake miwili.

Haya. Asubuhi ya safari Halima alinifungia chapati kwa taulo kama naenda Hija. Mama yangu, ambaye sisi tunamwita Hooyo, alisimama mlangoni akisoma dua na kunikata jicho wakati huo huo. Yeye toka mwanzo hakutaka.

Nilifika Kulamawe kama bwana harusi. Akina mama walipiga vigelegele. Mama Sadia, ndiye kiongozi wao, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ngamia waliopotea, akanimiminia chai ya maziwa ya ngamia. Nikanywa. Akamimina tena. Nikanywa tena, nani anakataa siku kama ile?

Nikashuka kwa geti langu. Tukafunga mzigo: jerikeni kushoto, jerikeni kulia, mengine juu ya keria, mipira ya tyubu ikavutwa mpaka ikalia. Mzigo ukasimama nyuma ya kiti kama ukuta wa nyumba.

Nikashika hendeli. Nikazungusha mguu.

Mguu ukagonga jerikeni.

Nikajaribu tena juu zaidi. Ukagonga jerikeni la juu. 

Mtu wa boda akibeba mzigo, hapandi kwa nyuma. Anakunja goti, analipitisha hapo katikati, kati ya tanki na mzigo. Nimefanya hivyo maisha yangu yote bila kujua nafanya, kama vile hujui unavyomeza mate. Sasa goti la kukunja sina.

Nilisimama pale jasho linanitoka. Kila mtu alikuwa ananiangalia, kisha kila mtu akaanza kuangalia pembeni, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Ni Mama Sadia aliyeniokoa. Akapiga makofi. "Fungueni! Toeni hiyo mzigo yote. Wewe panda kwanza, sisi tutakupakia kama ngamia."

Na ikawa. Nikapanda pikipiki tupu, nikaweka mguu wa kushoto chini, nikakaza breki, na wao wakanipakia majerikeni mgongoni moja moja. Walicheka sana. Mmoja akasema amekuta ngamia asiyekula miti. Mwingine akasema lakini huyu analia akibebeshwa, sawa na wengine. Mimi pia nilicheka. Nikawaaga, nikaondoka, nikijiona nimeishinda dunia.

Nilikuwa nimeenda mbali kiasi ndipo akili ikanijia.

Nimepanda kwa sababu mzigo haukuwepo. Mzigo sasa upo. Kwa hivyo siwezi kushuka.

Wakuu, nawaomba mkae na hilo kidogo. Njia ile wengi mnaijua. Ni jua, vichaka, na mbuzi wa watu. Mimi niko juu ya pikipiki yangu, injini safi, breki safi, mafuta yapo, na siwezi kushuka.

Saa hiyo hiyo ile chai ikaanza kuuliza maswali.

Nikajikaza. Nikasema mwanaume anaweza kungoja. Nikafikiria mambo makavu, nikafikiria jangwa. Pikipiki ikapita kwenye mashimo na kila shimo lilikuwa na maoni yake.

Halafu nikasikia kitu kinagusa tairi ya nyuma. Mpira mmoja ulikuwa umelegea na jerikeni la kulia linateleza taratibu kuelekea kwenye gurudumu. Nikasimama katikati ya njia. Nikapeleka mkono nyuma, haufiki. Nikageuka, haufiki. Mguu wa kushoto uko chini umeshika uzito wote ule na umeanza kutetemeka.

Hapo ndipo niliogopa. Sikuogopa kuanguka hasa. Niliogopa kwamba nikianguka, naanguka na maziwa ya akina mama wote wale, na mguu mzuri niliobakiza uko chini yake.

Akatokea mzee mmoja na mbuzi wake. Akasimama mbali akinitazama kama mtu anayetazama kitu cha serikali.

"Warya, wewe kijana, mbona hushuki ufunge?"

"Siwezi kushuka."

"Wewe mgonjwa?"

"Hapana, mzee."

"Umelewa?"

"Astaghfirullah! Hapana. Mguu ndio haupiti."

Akaja karibu, akaugonga mguu wangu kwa fimbo, akakubali. Akafunga lile jerikeni kwa fundo la kufungia mizigo ya ngamia, fundo ambalo Halima baadaye alishindwa kulifungua, ikabidi akate. Alipomaliza akasimama mbele yangu akanitazama usoni.

"Na kama singepita?"

 Nilimshukuru nikaenda. Njia yote iliyobaki niliangalia barabara kama mtu anayetafuta pete. Kila jiwe lenye ncha nililiona ni pancha. Nikipata pancha hapa nitafanya nini? Nitakaa juu yake mpaka apite mtu? Na nisipopata mtu?

Nilipoingia Wabera, sikusalimia. Nilifika kibandani napiga honi na kupiga kelele, "Toeni mzigo! Toeni mzigo haraka!" Wateja wakadhani maziwa yanawaka moto. Halima akaja mbio, wateja wakaja mbio, wakafungua, fundo la mzee likakataa, kisu kikaletwa. Mzigo ukaisha, nikafungua geti langu, nikashuka, na nikaenda chooni kwa mwendo ambao dada wa physio angelia kwa furaha angeuona.

Nilipotoka mtaa mzima ulikuwa unacheka. Nikacheka nao. Ilibidi.

Lakini jioni, nyumbani, hakuna aliyecheka. Niliwasimulia yote, na ya yule mzee pia. Halima akasema, "Leo asubuhi nilikuwa nangoja wewe urudi nifurahi. Sasa nitakuwa nakaa hapo kwa maziwa nikiombea tairi tu."

Hooyo akamalizia. Hooyo hajui kupunguza makali. "Mtu anaenda mahali hawezi kushuka, huyo si dereva. Huyo ni mzigo. Uza hiyo kitu."

Nilikasirika. Nililala nimekasirika. Niliamka nikajua mama yangu amesema kweli.

Nikaiuza. Yaani, tuseme nilikubali kuiuza. Kulikuwa na jamaa mmoja wa Kinna alikuwa ameniuliza zamani kama naitoa. Nikampigia. Akasema anakuja Ijumaa, tukutane baada ya swala, aione, tumalizane. Nikamwambia Kirimi aandae pedeli ya breki airudishe mahali pake.  Kirimi alichukua tu spana akaanza kuipangusa, na ilikuwa safi.

Ijumaa nikaenda msikitini mapema.

Sasa hapa naomba ndugu zangu Wakristo wanivumilie niwaeleze. Kabla ya swala tunatawadha, tunajiosha uso, mikono, na mwisho miguu. Pale kwetu kuna mifereji na vigoda vya kukalia, vile vifupi. Mimi kukaa chini kiasi kile siwezi. Kwa hivyo natawadha nimesimama. Mguu wa kulia naumwagia maji kwa kopo hapo ulipo. Ukifika wa kushoto, nausimamia ule wa kulia, naupandisha wa kushoto juu ya ukingo wa mfereji, unakunjika vizuri hadi kwenye mbavu, nauosha.

Nimefanya hivyo mara nyingi sijui ngapi tangu nitoke hospitali.

Pembeni yangu siku hiyo alikuwa Abdi, mwenzangu wa steji ya boda, mtu ambaye hajawahi kunyamaza hata kwenye msiba. Akanitazama nimesimama kwa mguu mmoja, mwingine uko juu, mikono imeshika bomba la maji.

"Walaal, ndugu yangu," akasema, "unatawadha ama unapanda pikipiki? Na kama ni kupanda, hiyo umepandia upande usio wa watu."

Watu wakacheka. Mimi nikabaki hivyo hivyo, mguu juu, maji yanatiririka.

Nilijitazama. Nimesimama juu ya mguu mbovu, na hautikisiki. Mguu mzima ndio uko hewani, umekunjika, unaweza kwenda popote. Litakubeba vizuri sana, yule dada alisema. Sisi tulikuwa tumeubembeleza ule mguu mgumu upite juu ya kiti, siku zote hizo, na kazi yake ilikuwa kusimama tu.

Nilikuwa napandia upande usio wangu!

Nikamaliza kutawadha, nikaswali. Mungu anisamehe, sikumbuki hotuba hata neno. Baada ya salamu nikaenda kwa Kirimi moja kwa moja, na yule wa Kinna ameshafika nyumbani anakula pilau ya Hooyo.

"Kirimi! Usirudishe pedeli! Nataka kupandia upande wa kulia!"

Kirimi alinitazama kama nimemtukania mama. "Pikipiki inapandwa na kushoto," akasema. "Tangu zamani. Stendi iko kushoto, inalala kushoto. Na huku kulia kuna ekzosi. Utachomeka."

Hapo alikuwa na haki. Pikipiki ikiegemea kushoto, ukiwa upande wa kulia inakukimbia. Na ekzosi ndiyo sababu abiria wote Kenya hii wanafundishwa kupandia kushoto. Nikasema basi ilazwe kulia. Akasema stendi ataifungia wapi, hakuna nafasi.

Tukainama wote wawili tukachungulia.

Nafasi ilikuwepo. Ni pale pale alipotoa pedeli ya breki.

Kirimi akakaa chini kwenye mafuta yake, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Hii kitu ilikuwa inatungojea," akasema.

Kazi ilimchukua jioni ile na asubuhi iliyofuata. Alitoa stendi ya kushoto, akaichomelea upande wa kulia, akaitia springi kali, kwamba ukiinua pikipiki tu inajirudisha juu yenyewe, usisahau ukaondoka nayo chini. Ekzosi akaivika koti la bati lenye matundu, na katikati akaacha nafasi hewa ipite. Nikaligusa lile koti injini ikiwa imezunguka kitambo kirefu, ni joto tu la chai.

Yule wa Kinna alilala kwa binamu yake, asubuhi akaja gereji na Hooyo nyuma yake. Walikuja kuniondolea pikipiki. Jamaa akaiendea kama kila mtu anavyoiendea pikipiki, kwa kushoto. Akashika hendeli, akapeleka mguu kutafuta stendi, hakuna stendi. Akapiga tena hewani. Akapepesuka, Kirimi akamdaka shati.

"Hii ni pikipiki ya aina gani?" akauliza.

"Ni yangu," nikamwambia.

Safari hii tulijaribu na mzigo wa kweli. Tulijaza majerikeni maji, tukayafunga kama ya Kulamawe, mpaka juu. Mtaa ulisimama kutazama, maana habari ya choo ilikuwa imeenea.

Nikasimama upande wa kulia. Nikaukita mguu wangu mgumu chini. Nikashika hendeli, nikakaza breki, nikakunja goti la kushoto, nikalipitisha mbele ya mzigo.

Nikakaa.

Nikainua pikipiki, stendi ikajirudi juu na mlio mmoja mzuri. Nikaenda hadi kona, nikarudi, nikasimama. Nikaegemea mguu wa kulia. Nikatoa wa kushoto. Nikashuka. Kwa mguu huo huo wa kushoto nikateremsha stendi. Majerikeni yako pale pale, hayajasogea.

Nikapanda tena. Nikashuka tena. Nikapanda, nikashuka. Abdi akapiga kelele kwamba nitamaliza kiti. Sikumsikiliza. Nilikuwa natokwa machozi na sikujali nani ananiona.

Hooyo alikuwa amesimama na mkono mdomoni.  Alikwenda kwa yule jamaa wa Kinna akamwambia, "Mwanangu, pole kwa safari. Rudi nyumbani, kuna pilau imebaki." Jamaa muungwana sana yule. Alikula, akacheka, akanitakia heri. Najua anasoma hapa. Shukran, ndugu.

Siku ya kwanza kurudi Kulamawe, Mama Sadia alikuwa ameshapanga akina mama mstari tayari kunipakia. Nikamwambia, fungeni kwanza, mimi nitapanda mwisho. Wakafunga. Nikapanda. Ile sauti yake ya ngamia ilisikika nadhani mpaka Isiolo.

Njiani kurudi, nilifika karibu na pale yule mzee wa mbuzi aliponikuta. Nikapunguza mwendo. Hakukuwa na mtu, si mzee, si mbuzi. Mzigo ulikuwa sawa, tairi sawa, na chai safari hiyo nilikuwa nimekataa.

Nikasimama. Nikateremka.

Nilisimama tu kando ya pikipiki yangu, miguu yote miwili chini, nikaitazama njia mbele na nyuma. Nikakaa hapo mpaka nikatosheka. Halafu nikapanda mwenyewe nikaenda.

Nilipofika Halima aliuliza mbona nimechelewa.

"Nilishuka njiani."

"Kulikuwa na nini?"

"Hakukuwa na kitu. Nilishuka tu."

Alikuwa ameshika jerikeni. Akaliweka chini polepole, akageuka ukutani, akajipangusa kwa mtandio.

Nilichojifunza, wakuu, kwa wale wenye ndugu au jirani aliyeumia anayetaka kurudi barabarani. Msiangalie jinsi atakavyokwenda peke yake. Angalieni atapandaje na atashukaje, akiwa hana mtu, na mzigo wake halisi mgongoni. Na mzigo wenye miguu si mzigo, mkamwambie na fundi wenu. Halafu usiulize tu kiungo kilichoumia hakiwezi nini. Mimi niliambiwa kinaweza nini toka siku ya kwanza, sikusikia. Na breki ni roho ya mtu, usifungiwe na kila mwenye spana.

Sasa nyinyi. Kuna mwenye mkono mmoja anayeendesha? Kuna aliyehamisha gia kutoka mguuni? Mlifanyaje? Nitasoma komenti zote, hata za wale watakaoandika tu "chai", yaani nimewatungia uongo. Picha nitaweka nikipata mtu wa kunipiga bila Abdi kuingia mbele.

Halima amemaliza kusoma sasa hivi. Anasema nimeongeza chumvi mahali pamoja tu, kwamba yeye hakulia, ilikuwa vumbi.

Wakuu, alilia.